Kusoma kanuni za menejimenti chuoni: mwongozo kamili wa muhula mmoja

Ukiingia chuo cha biashara, uhasibu, ushirika au utumishi wa umma hapa Tanzania, kuna moduli moja ambayo ni vigumu kuikwepa. Anayesomea manunuzi na ugavi ataikuta, wa masoko ataikuta, wa rasilimali watu na wa utunzaji wa kumbukumbu vilevile. Jina hubadilika kidogo chuo hadi chuo, lakini ndani ni kanuni zilezile za menejimenti: kupanga, kuunda muundo wa kazi, kuongoza, kudhibiti, pamoja na nadharia za waliotangulia kuyafikiri mambo hayo. Kwa kuwa haina hesabu nyingi, wengi huiweka pembeni wakahangaika na uhasibu na takwimu, halafu wiki ya mwisho wanakesha wakikariri orodha. Inakuja sapu, yaani mtihani wa marudio, tena katika somo ambalo lingewapandishia wastani.

Naamini tatizo kubwa liko kwenye namna ya kusoma. Kanuni za menejimenti zilitoka migodini, viwandani na maofisini, kwa watu waliokuwa na shida halisi mbele yao. Ukizisoma bila kuwa na sehemu ya kazi machoni pako, zinageuka maneno matupu, na maneno matupu hayakai kichwani. Kwa hiyo mwongozo huu umesimama juu ya jambo moja: chagua sehemu moja ya kazi unayoweza kuifikia kwa miguu au kwa daladala, uitazame muhula mzima, na kila mada ya darasani uifunge hapo. Unamfaa wa astashahada, wa stashahada na wa mwaka wa kwanza wa shahada. Msomaji wa Kenya au Uganda atakuta mada zilezile; kinachobadilika ni utaratibu wa mitihani.

Hatua ya kwanza: shika mpango wa moduli kabla ya kushika kitabu

Wiki ya kwanza mwombe mwalimu mpango wa moduli. Humo mna mada kwa mpangilio, malengo ya kila mada na mgawanyo wa alama. Katika vyuo vingi kazi za muhula hubeba alama 40 na mtihani wa mwisho 60, lakini soma wa chuo chako, kwa sababu ndio utakaotumika kwako. Angalia kuna tesiti ngapi, asaimenti ngapi, na kama kuna kazi ya kikundi ya kuwasilisha mbele ya darasa. Alama za kazi za muhula ndizo zinazopatikana kwa utulivu, ukiwa na muda na vitabu mbele yako. Ukifika mtihani wa mwisho na 32 kati ya 40, unakalia kiti ukiwa na moyo mwepesi.

Kisha tafuta pasti pepa, yaani karatasi za mitihani iliyopita, za miaka mitatu au minne. Usizijibu bado. Chukua karatasi, andika mada za moduli upande wa kushoto, na kwa kila swali weka alama mbele ya mada yake. Baada ya nusu saa utaona mada zinazorudi kila mwaka na zile zinazopita mara mojamoja. Kwa kawaida kazi za meneja, nadharia za zamani na motisha ndizo hujaza karatasi. Hilo halikupi ruhusa ya kuacha mada nyingine. Linakuonyesha pa kutumia saa zako nyingi.

Kuhusu kitabu, kimoja kinatosha pamoja na notisi za darasani. Usiumize mfuko kutafuta toleo jipya kabisa. Sura za nadharia na za kazi za meneja hazibadiliki sana toleo hadi toleo, na maktaba ya chuo huwa na nakala za zamani zinazofaa kabisa. Madesa, yaani notisi za kurithiana, yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp yatumie kwa kukumbushia tu, kwa maana mengi yamenakiliwa mara nyingi hadi majina na miaka vimeharibika.

Hatua ya pili: chagua sehemu yako ya kazi

Sehemu nzuri ina watu kati ya watano na ishirini, ina kazi zilizogawanywa, na ina bosi anayeonekana. Bekari, gereji, SACCOS, duka kubwa la vifaa vya ujenzi, kituo cha afya, shule ya msingi, chama cha msingi cha ushirika wa mazao: zote zinafaa. Kampuni kubwa unayoijua kwa matangazo ya redio haifai, kwa sababu huwezi kuona nani anamwagiza nani. Genge la mtu mmoja nalo halitoshi. Hakuna mgawanyo wa kazi wa kutazama.

Nenda ukaombe kwa adabu. Kama mwenye mali ni mama wa makamo, maneno machache yanatosha: “Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nasoma mambo ya usimamizi. Naomba niwe napita hapa mara moja kwa wiki, nitazame kazi inavyokwenda na kuuliza maswali mawili matatu wakati hamna pilika. Sitauliza habari za fedha zenu.” Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito. Mfanyabiashara akisikia mgeni anauliza hesabu, mawazo yake yanakwenda kwenye kodi, na mlango unafungwa. Beba kitambulisho cha chuo, na ukiweza barua kutoka idarani. Ukiruhusiwa, usipige picha wala kutaja jina la biashara kwenye asaimenti bila idhini.

Katika mwongozo huu nitatumia bekari ya mtaani kama mfano. Tuiweke hivi: wafanyakazi tisa, tanuri moja, kazi inaanza saa nne usiku, mikate inatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda madukani kwa bodaboda na guta.

Nunua daftari la pekee kwa kazi hii. Kila ziara andika mambo matatu: ulichoona, mada ya darasani inayohusika, na swali ambalo hujapata jibu. Ukurasa mmoja kwa wiki unatosha.

Hatua ya tatu: panga nadharia kwa miaka na kwa swali

Hapa ndipo wengi huchanganya majina. Dawa yake ni kumkumbuka kila mwanafikra kwa swali alilokuwa akilijibu.

Frederick Taylor, Mmarekani aliyezaliwa 1856, alifanya kazi katika viwanda vya chuma vya Midvale na baadaye Bethlehem, jimbo la Pennsylvania. Swali lake: kwa nini mtu anafanya kazi pungufu ya uwezo wake? Alipima kila tendo kwa saa ya kupimia muda (stopwatch). Kisa chake mashuhuri ni cha wabebaji wa chuma ghafi: wastani wa tani 12.5 kwa siku kwa mtu mmoja ukapandishwa hadi 47.5, na ujira ukapanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85. Maelezo yake yalitoka kitabuni 1911. Watafiti wa baadaye walikitilia shaka kisa hicho, na ukilitaja hilo mtihani, msahihishaji ataona kwamba umesoma zaidi ya madesa. Wewe mwenyewe angalia pia uwiano: kazi imepanda karibu mara nne, ujira haujafika hata mara mbili. Hapo una hoja ya kujadili.

Henri Fayol alikuwa mhandisi wa migodi Ufaransa. Mwaka 1888 alikabidhiwa kampuni ya makaa ya mawe na chuma iliyokuwa ikielekea kufilisika, akaiongoza hadi 1918 na kuiacha imara. Taylor alianzia chini, kwa mfanyakazi na beleshi lake. Fayol alianzia juu, kwa mkurugenzi na meza yake. Swali lake: mkuu wa shirika anafanya nini hasa, na je, jambo hilo linaweza kufundishwa? Jibu lake la 1916 ndilo lililotupa kazi tano za meneja na kanuni 14.

Max Weber, Mjerumani, aliuliza: mamlaka halali yanatoka wapi? Alieleza mfumo wa ofisi unaoendeshwa kwa kanuni zilizoandikwa, ngazi za vyeo, ajira kwa sifa na kumbukumbu za maandishi. Kitabu chake kikuu kilitoka 1922, miaka miwili baada ya kifo chake. Ofisi yoyote ya serikali unayoijua, yenye masijala na mafaili yenye namba za folio, ni mfano wake.

Kisha Elton Mayo na wenzake katika kiwanda cha Hawthorne, Cicero, jirani na Chicago, utafiti ulioendeshwa kati ya 1924 na 1932. Watafiti walianza kwa kupima mwanga: je, taa zikiongezwa, kazi itaongezeka? Waligundua kwamba kazi iliongezeka hata kwenye kundi ambalo taa zake hazikuguswa. Wafanyakazi walikuwa wakiitikia jambo jingine, yaani kuangaliwa, kusikilizwa na kufanya kazi kama kundi. Hapo ndipo shule ya mahusiano ya kibinadamu ilipopata nguvu. Inayofuata ni safu ya motisha: Abraham Maslow 1943 na ngazi za mahitaji, Frederick Herzberg 1959 na mambo ya aina mbili, Douglas McGregor 1960 na Nadharia X na Y.

Chora mstari wa miaka kwenye ukurasa mmoja, uubandike ukutani. Chini ya kila jina andika swali lake kwa Kiswahili, na chini ya swali andika kitu kimoja ulichokiona kwenye bekari. Kwa Taylor, kwa mfano, mkandaji anayepima kila donge kwenye mizani kabla ya kuliweka kwenye bati. Kwa Mayo, vijana wa zamu ya usiku wanaofanya kazi haraka zaidi wakiwa pamoja na mwenzao mmoja fulani mwenye hadithi.

Hatua ya nne: kanuni 14 za Fayol, zisomwe kwa familia

Hili ndilo eneo ambalo watu hukariri kama sala na kusahau kama ndoto. Ziweke katika familia nne, na utaona zinashikana zenyewe.

Familia ya kwanza ni ya kazi yenyewe: mgawanyo wa kazi, utaratibu wa kila kitu na kila mtu mahali pake, na ari ya mfanyakazi kubuni na kuanzisha jambo. Ya pili ni ya amri: mamlaka yanayokwenda na wajibu, nidhamu, umoja wa amri, umoja wa mwelekeo, ngazi ya mamlaka kutoka juu hadi chini, na kiasi cha madaraka kukusanywa katikati. Ya tatu ni ya haki: ujira unaostahili, usawa katika kuwatendea watu, na uthabiti wa ajira. Ya nne ni ya umoja: maslahi ya mtu kuwa chini ya maslahi ya wote, na moyo wa mshikamano. Hesabu: tatu, sita, tatu, mbili. Jumla 14.

Tatu kati yake zinastahili muda wako mwingi kwa sababu ndizo zinazopendwa na watunga mitihani, na ndizo zinazoonekana waziwazi ukiwa macho.

Umoja wa amri na umoja wa mwelekeo huchanganywa daima. Wa kwanza unamhusu mtu: mfanyakazi mmoja, bosi mmoja. Wa pili unahusu shughuli: kundi lenye lengo moja liwe na mpango mmoja na mkuu mmoja. Kwenye bekari, kama mpishi mkuu na mtoto wa mwenye mali wote wanamwagiza mkandaji, umoja wa amri umevunjika. Kama anayesambaza mikate Kariakoo ana bei yake na anayesambaza Tandika ana yake, ingawa wote wanauza mkate uleule wa bekari ileile, umoja wa mwelekeo ndio uliovunjika.

Ngazi ya mamlaka nayo ina kiungo kinachosahaulika. Fayol hakutaka kila taarifa ipande hadi kileleni na kushuka upande wa pili. Aliruhusu daraja la kando: watu wawili wa ngazi moja, wa idara tofauti, wazungumze moja kwa moja, mradi wakuu wao wameridhia na wanaarifiwa. Ukiandika kuhusu ngazi bila daraja hilo, umeandika nusu.

Kuhusu kukusanya au kugawa madaraka, sisi Watanzania tuna historia ambayo ni darasa tosha, na inasikitisha kuona haitajwi kwenye majibu ya wanafunzi. Mwaka 1972 serikali ilianzisha Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zikafutwa, na watumishi wa serikali kuu wakapelekwa mikoani na wilayani kusimamia maendeleo. Washauri wa McKinsey kutoka Marekani walishiriki kuuandaa mfumo huo, na Mzumbe mwaka huohuo ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, kuandaa watendaji wa kuuendesha. Watumishi walikwenda karibu na wananchi, lakini waliendelea kuwajibika kwa serikali kuu, na wananchi walipoteza chombo walichokichagua wenyewe. Sheria za Serikali za Mitaa za 1982 zilirudisha halmashauri, zikaanza kazi tena 1984. Ukilieleza hilo, umeonyesha tofauti kati ya kusogeza ofisi na kukabidhi uamuzi. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kanuni hii, na mfano huo una uzito kuliko kampuni ya kubuni kutoka kitabuni.

Jambo moja zaidi kuhusu orodha hii: Fayol mwenyewe alisema idadi ya kanuni haina mwisho maalumu, na kwamba zinapaswa kulegezwa kulingana na hali. Kwa hiyo swali likikutaka utathmini kanuni hizo, usiogope kusema wapi haifai. Mwenye kanuni aliruhusu.

Hatua ya tano: kazi za meneja, zipitie kwa vitendo

Vitabu vingi leo hutaja nne: kupanga, kuunda muundo, kuongoza na kudhibiti. Vingine huongeza kuajiri kama ya tano. Fuata hesabu ya mwalimu wako, lakini jua kwamba Fayol alitaja kupanga, kuunda muundo, kuamrisha, kuratibu na kudhibiti, na kwamba Luther Gulick mwaka 1937 alizipanua hadi saba, akiongeza kuajiri, na mahali pa kudhibiti akaweka kutoa taarifa na bajeti.

Kupanga kunaeleweka vizuri ukishika kalamu. Tuseme gharama zisizobadilika za bekari kwa mwezi, yaani pango, mishahara na umeme wa msingi, ni shilingi 1,800,000. Mkate unauzwa shilingi 1,200, na unga, hamira, sukari, mafuta na mfuko vinagharimu shilingi 900 kwa kila mkate. Kila mkate unaacha shilingi 300. Gawanya 1,800,000 kwa 300, unapata mikate 6,000 kwa mwezi, au 200 kwa siku kwa mwezi wa siku 30. Chini ya hapo ni hasara. Sasa lengo lina maana: “kuuza mikate 260 kwa siku ifikapo mwisho wa mwezi wa sita” ni lengo linalopimika na lenye muda. “Kuongeza mauzo” ni matumaini tu. Hapohapo tenganisha ngazi tatu za mipango: mwenye mali akiamua kufungua tawi la pili ni mpango mkakati, msimamizi akipanga zamu za mwezi wa Ramadhani, wakati mahitaji yanabadilika saa, ni mpango wa kati, mpishi akipima unga wa usiku huu ni mpango wa utekelezaji.

Kwenye kuunda muundo, chora nani anawajibika kwa nani pale bekari. Usikubali kuambiwa, chora unachokiona, kisha mwonyeshe msimamizi akusahihishe. Mara nyingi michoro hiyo miwili hutofautiana, na tofauti hiyo ni mada nzima ya muundo rasmi na usio rasmi. Halafu uliza bosi mmoja anaweza kusimamia watu wangapi. V. A. Graicunas mwaka 1933 alionyesha kwa hesabu kwamba mahusiano huongezeka kwa kasi kuliko watu: wasaidizi watano huzaa mahusiano 100, wasaidizi sita huzaa 222. Namba hizo mbili tu, ukizikumbuka, zinabeba jibu zima la upana wa usimamizi.

Kuongoza ndiko kuliko na utajiri wa mifano ya nyumbani. Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 uliagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikemea viongozi wenye majivuno na udhalimu kazini. Miaka iliyofuata wafanyakazi katika viwanda kadhaa waligoma wakipinga mameneja, wakiushika Mwongozo huo mkononi. Soma McGregor ukiwa na historia hiyo kichwani. Nadharia X inasema mtu wa kawaida hukwepa kazi hivyo asukumwe; Nadharia Y inasema anaweza kujisimamia akipewa nafasi. Mabaraza ya wafanyakazi, ambayo bado hukutana katika taasisi za umma, yamejengwa juu ya imani ya pili. Na kama una ndugu mtumishi wa umma, muulize habari za OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji ulioanza 2004: mtumishi na mkuu wake walitakiwa wakubaliane malengo mwanzoni mwa mwaka na kuyapitia pamoja. Mzizi wake ni usimamizi kwa malengo alioueleza Peter Drucker mwaka 1954.

Kudhibiti ni hatua nne: weka kiwango, pima, linganisha, rekebisha. Bekarini tazama mikate iliyorudi. Kama kiwango ni mikate isiyozidi kumi kurudi kwa siku na leo imerudi arobaini, meneja mzuri atauliza kabla ya kugomba. Je, ilichelewa kutoka? Iliungua? Shule zimefunga? Kila jibu lina marekebisho yake, na jibu la tatu linarudi moja kwa moja kwenye mpango, kwa sababu likizo za shule zinajulikana mapema. Andika hilo kwenye jibu lako: udhibiti huishia pale mpango unapoanza tena.

Hatua ya sita: lugha isikuangushe

Masomo ya chuo yanaendeshwa kwa Kiingereza, na wapo wanafunzi wenye akili nzuri wanaopoteza alama kwa sababu hiyo tu. Njia ninayoiamini ni hii. Soma ukurasa kwa Kiingereza, funga kitabu, ueleze kwa Kiswahili kwa sauti kana kwamba unamweleza mdogo wako. Ukikwama, hujaelewa, rudi. Ukiweza, andika sentensi tatu za Kiingereza zako mwenyewe, fupifupi. Sentensi fupi iliyo sahihi hupata alama. Sentensi ndefu ya kunakili hukatika katikati ya mtihani ukisahau neno moja. Weka nyuma ya daftari orodha ya istilahi za moduli na maelezo yake kwa Kiswahili, ukiongeza kadiri mada zinavyokuja.

Diskasheni za kikundi zina faida zikiwa na watu wanne au watano na kila mmoja amekuja na sehemu yake ya kazi. Wa bekari, wa gereji, wa SACCOS na wa zahanati wakikaa pamoja kujadili udhibiti, kila mmoja anaondoka na mifano minne. Kikundi cha watu kumi na tano kinageuka mkutano.

Hatua ya saba: kujibu mtihani

Soma kitenzi cha swali kwanza. Orodhesha hudai majina tu. Eleza hudai jina na maana yake. Tofautisha hudai vigezo, na kila kigezo kiguse pande zote mbili. Jadili na tathmini hudai upande wa pili wa hoja. Mtu anayeorodhesha palipoandikwa jadili anapata nusu ya alama hata kama anajua yote.

Chukua swali hili: jadili umuhimu wa umoja wa amri kwa mifano. Jibu dhaifu litasema kwamba umoja wa amri ni muhimu kwa sababu unaleta nidhamu, unaondoa mkanganyiko na unaongeza ufanisi, basi. Lililoshiba linakwenda hivi:

“Umoja wa amri ni kanuni ya Fayol (1916) inayotaka kila mfanyakazi apokee maagizo kutoka kwa mkubwa mmoja. Katika bekari yenye wafanyakazi tisa, mpishi mkuu alimwagiza mkandaji aanze na skonzi, na mtoto wa mwenye mali akamwagiza aanze na mikate ya shule. Kazi zote mbili zilichelewa, na hakuna aliyeweza kuwajibishwa kwa kuwa mkandaji alikuwa ametii kila agizo. Kanuni hii hata hivyo hulegezwa katika mashirika ya miradi, ambako mhandisi huwajibika kwa mkuu wa idara yake na pia kwa meneja wa mradi. Hapo inabidi iandikwe wazi nani ana neno la mwisho juu ya jambo gani.”

Ndani ya aya hiyo mna maana, mwenye kanuni na mwaka, mfano unaoonekana, athari, na mpaka wa kanuni. Jizoeze kuandika aya ya namna hiyo kwa kila mada kubwa, ukianza wiki ya tatu ya muhula. Mfano wa kubuni mtu huusahau akiwa na hofu. Ulioushuhudia unakuja wenyewe.

Kuhusu muda, mtihani wa saa tatu wenye alama 100 una dakika 180. Toa kumi za kusoma maswali na kuchagua, kumi za kupitia mwishoni, zinabaki 160. Kila alama ina dakika 1.6, hivyo swali la alama 20 lina dakika 32. Andika saa ya kumaliza pembeni ya kila swali kwenye karatasi ya maswali, na ikifika, hama. Alama za mwanzo za swali jipya ni rahisi kuzipata kuliko mbili za mwisho za swali ulilokwama.

Baada ya matokeo usilitupe daftari la bekari. Moduli za rasilimali watu, masoko na ujasiriamali zitakudai mifano ileile, na ukifika wakati wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, utakuwa tayari na mahali panapokujua. Kabla hujaondoka huko, rudi kwa mwenye mali na mchoro wako wa muundo wa kazi uliosafishwa, umwachie nakala. Akikuuliza unaonaje biashara yake, anza na jambo moja linalokwenda vizuri, kisha mweleze la mikate inayorudi kila shule zinapofunga.